Mimea Myekundu ya Martina

Mzee Alute alipohama Sepuka kuja mjini Singida, alifikia kwa binti yake mkubwa, Martina. Martina ndiye aliyempikia, akamfulia na kumpeleka kliniki ya macho. Lakini kila asubuhi, akishakunywa chai, mzee alivuka barabara kwenda kwa Belinda, mdogo wake Martina, akashinda huko karibu na tangi la samaki.

Jambo hilo lilimchoma Martina.

"Mimi nahangaika naye, mwenzangu anamwonyesha samaki!" alimlalamikia mumewe, Gasto.

"Si ununue na wewe," Gasto akatania.

Martina akanunua tangi kweli. Akamwita Belinda amshauri juu ya mimea ya kuweka ndani.

"Dada, anza na feni ya Java, lile kangaga la majini, na anubia," Belinda alisema. "Hazitaki taa kali wala mbolea. Unazifunga kwenye jiwe kwa uzi. Ukifukia shina mchangani litaoza."

Martina akatazama picha kwenye simu. Majani ya kijani tu. Anataka mimi niwe na vya kawaida, akawaza, vizuri abaki navyo mwenyewe. Akaagiza Dodoma mimea myekundu, yenye majani membamba yanayometa. Muuzaji alipomuuliza kama ana taa ya kufaa, alijibu anayo, ingawa hakuwa nayo.

Mwanzoni tangi lilipendeza hata majirani wakaja kuliangalia. Kisha majani yakaanza kulainika na kukatika. Maji yakawa na ukungu, samaki wakapanda juu kutafuta hewa.

"Maji yamechafuka, mwanangu," mzee alisema, akainuka aende zake.

Martina akashindwa kujizuia. "Baba, kwa Belinda kuna nini? Si samaki tu!"

Mzee akasimama mlangoni.

"Samaki wenyewe siwaoni vizuri. Macho yangu unayajua. Belinda anakaa, tunaongea habari za marehemu mama yenu. Wewe nikianza tu kuongea, unakimbilia sufuria."

Martina alitoa mimea iliyooza, akabadilisha sehemu ya maji, huku machozi yakimtoka. Jioni akavuka barabara.

"Nipe ile uliyosema."

Belinda akakata kipande cha feni kutoka tangi lake, akakifunga kwenye jiwe.

"Nilidhani unanificha mimea mizuri," Martina akasema.

"Nikufiche majani, dada?"

Asubuhi iliyofuata Martina aliacha vyombo bila kuosha, akaketi karibu na baba yake.

"Baba, mama ulimpatia wapi?"

Mzee akacheka, akaanza na gulio la Mtinko. Walikaa mpaka jua likawa kali. Halafu akaaga, akaenda kwa Belinda kama kawaida. Martina alimsindikiza kwa macho. Bado ilimuuma. Lakini safari hii hakumnunia.