Siku ya Tisini ya Mtaa wa Bibi

Kiroboto hakuitwa hivyo bure. Tangu utotoni hajawahi kukalia kiti dakika tano bila kuinuka, na asubuhi hiyo ndiyo usiseme: alizunguka chumba cha kazi, soksi mguu mmoja, akijitukana kimoyomoyo.

Yeye na kaka yake walikuwa wametengeneza gemu ya simu ya kujenga mitaa. Yeye aliandika programu, kaka akaiuza. Wakati wa majaribio, ili simu za marafiki zisijae takataka, Kiroboto alitia mstari mmoja kwenye programu: siku ya tisini, mchezaji akifungua gemu, kila alichojenga kifutwe. Mstari huo angeutoa kabla ya kuuza. Hakuutoa! Aliugundua jana mchana akitafuta kitu kingine kabisa, akahesabu kwa vidole mara tatu. Walionunua siku ya kwanza walikuwa wanafikisha tisini leo.

"Tuliuza, wakanunua, wakacheza," kaka alikuwa amemwambia jana hiyo, macho kwenye gemu mpya. "Mtu akinunua kiti, seremala atamfuata nyumbani baada ya miezi mitatu?"

"Kama seremala mwenyewe aliukata mguu nusu akanyamaza, atamfuata, tena mbio!"

"Haya, rekebisha. Lakini yale mapaa yangu ya kijivu yatie humo humo. Sina muda wa matoleo mawili."

Toleo likatoka jioni, watu wakalipakua. Ila asubuhi, kwenye orodha ya wanunuzi wa siku ya kwanza, mmoja alikuwa bado: mzee waliyembandika jina la Babu Barua, maana hakuna wiki aliyokosa kuwaandikia. Ndani ya gemu, mzee alikuwa amejenga upya mtaa wake wa zamani, uliobomolewa kupisha barabara, nyumba kwa nyumba. Mkewe alikuwa anapoteza kumbukumbu. Watoto wake mwenyewe aliwachanganya, lakini kila saa tatu asubuhi akipewa simu yake, aliutembea mtaa ule akiwataja majirani mmoja mmoja.

Sasa ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Kiroboto akampigia mzee.

"Shikamoo, Babu. Mmeshafungua gemu leo?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Bado, Bibi anamalizia chai."

"Msiifungue! Nakuomba, pakua kwanza toleo jipya."

"Thubutu!" Upole wote ulimtoka mzee. "Mara ya mwisho mlibadilisha rangi za milango. Bibi akasema amepotea, akalia mpaka mchana. Mimi na matoleo yenu basi. Hili nalo limebadilisha nini?"

Kiroboto angeweza kusema hakuna. Uongo ulikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi.

"Mapaa, Babu. Yamekuwa ya kijivu. Lakini mkifungua la zamani leo, mtaa wote unafutika. Kosa ni langu mimi, nilisahau kutoa kitu."

"Sasa unanipa lipi, binti? Ufutike, au asiujue?"

"Nipe nusu saa. Nakutengenezea lenye mapaa yake mekundu."

"Nusu saa! Huyu ameshanyoosha mkono anataka simu yake."

Kaka, aliyekuwa meza ya pili akisikiliza muda wote, alisogeza kiti chake, akachukua simu, akafungua spika. "Wewe fanya kazi," alimwambia dada yake. Kisha, kwa sauti ambayo Kiroboto hakuizoea: "Babu, mpe Bibi aongee nami. Bibi, shikamoo. Hebu nitembeze mtaani kwenu. Nikitokea barabarani, nyumba ya kwanza ni ya nani?"

Kiroboto aliandika, akakosea, akafuta, akaandika tena.

"Ya mkunga," sauti ya kike ilisema hatimaye. "Ana jogoo mkorofi, angalia miguu yako."

Kaka alicheka. Wakapita kwa fundi cherehani, wakapita kwa mwalimu wa hesabu na mapacha wake watundu. Dakika ishirini zilikwisha hivyo, Kiroboto hajainuka hata mara moja. Walipofika kwenye kona, Bibi alikasirika.

"Hapa anakaa fundi baiskeli. Kila siku namtafuta kwenye simu, simwoni. Mmempeleka wapi?"

Gemu yao haikuwa na baiskeli hata moja. Kaka alimtazama Kiroboto, akavuta karatasi ya mipango ya gemu mpya, akaigeuza nyuma na kushika kalamu.

"Samahani, Bibi," alisema. "Hilo ni kosa letu. Alikuwa na baiskeli ngapi?"