Mstari wa Kumi na Mbili

Mama alikuwa ameshaamua, na mama akiamua, hata ulie machozi ya damu habadiliki. Kitanda chake cha kufumia, kile cha kutandia nyuzi, kiondoke Jumamosi. Kaka aje na gari la mizigo akipeleke popote, hata kama watu watakifanya kuni. "Macho yameondoka, nacho kiondoke," alisema, akageukia ukuta.

Kwa miaka thelathini amefuma tepe za shingo za magauni, mpaka mtaa mzima unamwita Mama Tepe. Presha ya macho ikamchukulia nuru kidogokidogo, mwaka jana ikamaliza yote. Tangu hapo hajagusa uzi. Anakaa pale kwenye kochi, anakula ukimlazimisha, kisha anauliza ni saa ngapi, kana kwamba kuna mahali anakwenda. Niseme ukweli, niliogopa. Niliona kitanda kile kikitoka mlangoni, mama naye hatakaa sana.

Mimi kazi yangu ni kuchora kadi na mabango kwenye kompyuta, katika duka la uchapishaji. Kufuma sijui. Alijaribu kunifundisha nikiwa mdogo, nikafunga mafundo mpaka akanifukuza. Basi nikasema, kitanda kikienda, angalau utepe ubaki. Kipande cha mwisho, urefu wa kidole, nilikikuta kwenye kopo la vifungo. Nikakipitisha kwenye skana kazini, na Ijumaa nikaomba ruhusa, nikaketi sebuleni na kompyuta, karibu na kochi la mama, nikafungua picha na kuikuza.

Ee Mungu wangu! Kitu nilichokivaa shingoni utoto wangu wote, kumbe sikuwahi kukiona. Nyuzi za kusimama na nyuzi za kulala, nyembamba kama unywele, kila mmoja unainama unapopita chini na kuinuka unapotokea, na hakuna hata mmoja uliolegea. Nikakuza tena. Mikono gani hii? Ni ileile iliyokuwa ikinifinya masikio! Nilikaa nikiangalia tu, chai ikapoa.

Nikaanza na uzi mmoja wa kusimama. Nikauchora, nikatia kivuli pembeni uonekane wa mviringo, nikaunakili. Za kulala nikazifanya vivyo hivyo kwenye tabaka la juu. Hapo ukitazama unaona wavu tu. Siri iko kwenye kufuta: unafuta uzi wa kulala kila mahali unapotakiwa kupita chini, wa kusimama unajitokeza, na jicho linadanganyika kwamba umefumwa. Ukishapata kipande kimoja kisicho na dosari, programu inakirudia yenyewe, mpaka utepe unajaza kioo kizima.

Kwenye picha niliona mahali pawili uzi umeruka, umepita juu ya nyuzi mbili badala ya mmoja. Nikasema maskini, siku hiyo mama alikuwa amechoka. Nikamrekebishia. Mimi huyu, wa mafundo, namrekebishia Mama Tepe! Wala sikujisumbua kuhesabu ni mistari ya ngapi.

Sasa, nina tabia ya kukagua kazi kwa sauti. Kazini wamenichoka. Nikaanza kusoma mstari kwa mstari: juu, chini, juu, chini. Nikamaliza wa kumi na moja, nikaingia wa kumi na mbili.

"Juu, chini, juu..."

"Wewe!" Mama alikuwa ameketi wima. "Unasoma nini hicho?"

"Utepe wako, mama. Nauchora kwenye kompyuta."

"Huo si wangu. Huo ukiushona shingoni si utakunjamana kama uso wa bibi yako?"

"Nimeufuata vilevile. Palikuwa na makosa mawili tu, nikayaondoa."

"Makosa." Alilitamka polepole, na mimi nikajua nimekwisha. "Nani kakwambia ni makosa? Mstari wa kumi na mbili, ukingo wa kushoto, uzi unaruka mbili. Hapo ndipo utepe unapopata nafasi ya kupinda. Shingo ni duara, mwanangu, siyo rula!"

Nikarudi kwenye picha, nikahesabu kwa kidole. Kumi na mbili. Tena ishirini na nne. Amekaa kule kwenye kochi, haoni kitu, ameisikia dosari niliyoitia mimi mwenye macho mawili na kioo kinachong'aa.

"Rudisha," akasema. "Halafu andika na wa mikono ya gauni. Wa mikono ni mwingine."

Akaanza kunitajia. Juu, chini, chini, juu. Mwanzoni nilikwenda naye, baadaye akaniacha mbali. "Mama, taratibu, mausi haina mbio hizo!" Hakunisikia. Nikageuka kumtazama, mkono wangu ukabaki hewani. Vidole vyake vilikuwa vinafuma. Hapakuwa na uzi, lakini vilishika, vilipitisha, vilikaza, na uso wake ulikuwa umeelekea kwangu wakati wote. Nilihisi nimeingia mahali patakatifu na viatu vyangu.

"Mama," nikasema, "zamani ulipokuwa unafuma, ulikuwa unaangalia wapi?"

"Swali gani hilo? Nilikuwa nawaangalia nyinyi. Mmoja anataka kumeza kifungo, mwingine anapanda dirishani. Ningewaachia nani? Macho yangu yalikuwa kwenu, siyo..."

Vidole navyo vikasimama. Nilimwona akilielewa lile neno lake mwenyewe.

"Kumbe," akasema.

Kisha akanyoosha mkono nimshike. Nikamwongoza hadi kwenye kitanda chake cha kufumia, kona ile kilipofunikwa shuka. Nyuzi za zamani zilikuwa bado zimetandwa. Alizipapasa moja moja, akakohoa vumbi, akanitukana kwa kutolifuta, akaketi.

"Mpigie kaka yako," akasema. "Mwambie gari abaki nalo. Alete uzi."

Nikampigia. Nililia mpaka kaka akadhani ninampa habari ya msiba.

"Tulia, dada, tulia. Mama yuko wapi?"

"Anafuma," nikasema.