Mgeni Alishiba, Nyumba Ikabaki Kijani

Wataalamu wa jiji la Columbus, Marekani, walikuwa wameujenga mji wao upya ndani ya kompyuta. Humo mvua ilinyesha kwa kubonyeza kitufe. Nyumba zinazoingia maji ziligeuka bluu, kavu zikabaki kijani, na penye bluu ndipo mitaro mipya ingechimbwa. Walisema ni mji wa haki, kwa kuwa kompyuta haijui tajiri wala maskini. Kweli haikuwajua: nyumba ya Caritas, ya chini kabisa kwenye ghorofa za kitongoji cha Whitehall, ilikuwa kijani kama mchicha, kwa sababu ramani ya zamani ilionyesha hapo mtaro ambao hakuna aliyewahi kuuona. Na kila mvua kubwa godoro la mama yake lilielea.

Caritas alilalamika hadi wakamtuma mhandisi kupiga picha.

"Mama, usiguse kitu," alionya asubuhi akienda kazini. "Zulia libaki na maji yake, ukuta na ukungu wake."

Aliporudi na mhandisi alidhani amekosea mlango. Mama yake, Agata, alikuwa amewaita wanawake wa kwaya. Zulia la kuazima lilitandikwa, kuta zilivikwa vitenge, na mezani maharage na ndizi vilifuka mvuke.

"Mama! Nilisema nini?"

"Mgeni aingie panaponuka? Hata kwenye kambi ya wakimbizi hatukufanya hivyo. Sogea, akae."

Caritas alifunua kitenge kimoja, mama akakifunika. Akafunua tena, kikafunikwa tena. Mhandisi alidhani ni ngoma ya kwao, akapiga makofi.

"Anasemaje?" Agata aliuliza, akimwongezea ndizi.

"Anasema nyumba yako ni kavu kuliko ofisi yao."

"Mwambie asante!"

Mgeni alimaliza sahani mbili, akaomba aitwe siku wakipika tena. Kompyuta ikathibitisha: kijani.

Mvua kubwa iliyofuata ilipoanza kumwagika, Caritas alimpigia mhandisi simu. "Mama amepika."

Alikuja mbio. Mlango ulipofunguliwa, maji yalimjaa viatuni. Agata, aliyekosa nafasi ya kuita kwaya, alishika kichwa.

"Caritas! Leo ndiyo siku ya kuniletea mtu?"

Lakini mgeni ni mgeni. Alimkalisha, akampandisha miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampa sahani. Mhandisi alikula kwa mkono mmoja, akapiga picha kwa mwingine.

Juma lililofuata nyumba iligeuka bluu. Caritas alimwonyesha mama yake kwenye simu, akirukaruka.

Agata aliguna. "Mji mzima umeona hivyo? Ungewaambia wangoje nifagie."