Tumbo Langu Juu ya Dungu

…na umivu hili hapa tena, limeanzia kiunoni, likazunguka hadi chini ya kitovu, likakaza kama mtu anayekamua nguo, halafu likalegea kidogo, si kulegea kwa kwenda zake, kulegea kwa kupumua tu, nami nimeshika kamba ya madebe na ndege wanatua kwenye mpunga bila haya, vuta, Tuneya, vuta, madebe yakagongana huko katikati ya shamba, ndege wakaruka kundi zima, wakazunguka, wakarudi palepale, na tumbo limevutika pamoja na kamba, nani alisema kuwinga ndege ni kazi nyepesi, apande yeye dungu hili la miti na mimba ya miezi miwili… miwili na siku tisa, nimehesabu peke yangu, hata mume wangu Komora hajui, yuko Kipini na mtumbwi wa ndizi, akirudi Ijumaa ataulizia mpunga kwanza, halafu mama yake, halafu mimi.

"Tuneya, walala huko? Ndege washuka kwako."

Huyo ndiye mama yake, mama mkwe Mwanaarusi, yuko kwenye dungu la upande wa mto, macho yake hayaoni tundu la sindano lakini ndege mmoja akitua kwangu anamwona, silali, mama, nimejibu, hakusikia, hanisikii kamwe ninapojibu, hunisikia ninaponyamaza… lile linakuja tena, polepole, nikae, nikunje magoti, hivi, yule muuguzi wa zahanati ya Ngao aliniambia maumivu madogo peke yake yasikutishe, mwanangu, tumbo linajipanua, lakini ukiona damu usingoje kesho, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi, sasa haya ni madogo au makubwa, nani anajua, hakunipa kibaba cha kuyapimia, na kuangalia siangalii, nimekalia kanga yangu tangu asubuhi na siangalii, maana nikiangalia nikakuta ndiyo itakuwa ndiyo, nisipoangalia bado ni tumbo tu, labda ni maziwa ya jana, labda ni yule samaki…

Mimba ya kwanza nilisema. Ulikuwa mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vya malkia mpya, nilikutana na Gumato njiani, yule mama wa Kiorma anayetuletea maziwa, akaniuliza mbona uso umenawiri, nikamwambia, ningefanyaje, furaha ilikuwa imenijaa hadi kooni, akacheka, akanimiminia kibuyu kizima akakataa mahindi yangu, na wiki ya tatu baada ya hapo mimba ikatoka, na mama mkwe akakaa kitandani pangu akasema mdomo uliponza kichwa, umeitembeza mimba njiani, macho ya watu yameila. Basi. Ya pili nikafunga mdomo, nikatwanga, nikateka maji, nikaangua embe, siku tatu tumbo linakaza na mimi nacheka na watu, ilipotoka akakaa kitandani palepale akasema mficha uchi hazai, mbona hukusema, ningekuchemshia dawa. Mficha uchi hazai. Aliniambia mimi, siku ileile, damu haijakauka. Ana methali ya kwenda na methali ya kurudi, popote nitakaposimama inanikuta, nikisema nimeua, nikinyamaza nimeua, basi nifanye nini, niiache mimba yenyewe iseme?

"Tuneya. Kamba."

Navuta, mama, navuta… ai, hapana, hili si kama yale, hili limeshuka hadi mapajani, nimeuma ncha ya kanga, hasira imenipanda mpaka machozi yananitoka, si uchungu, ni hasira, kwa sababu Gumato mwenyewe alizitaja mimba zake zote kwa kila aliyemuuliza na ana watoto watano, na jirani yetu alificha zake na ana sita, macho ya watu yalikuwa wapi siku hizo, yalilala? Na yeye Mwanaarusi ana Komora peke yake, mmoja tu, na wanawake kwenye kinu husema kwa sauti ya chini kwamba watatu walitangulia wasifike, naye hajawataja hata siku moja, na huenda kulikuwa na mama mkwe mwingine aliyekaa kitandani pake na methali zake zote mbili, akampa yeye, naye akazitunza miaka yote hii, akaniletea mimi. Sikuiua ya kwanza. Sikuiua ya pili. Nimelisema kimoyomoyo na tumbo bado linauma vilevile, basi mkono huu, uondoe kwenye kamba, fungua kanga, angalia, Tuneya, angalia.

Doa. Jekundu, halizidi ukucha wa kidole kidogo, lakini ni damu, na usingoje kesho, alisema, na Ngao ni nusu siku kwa mtumbwi tukienda na maji, na mtumbwi upo, na mwenye nguvu za kuupiga kasia upande wetu huu ni binamu yake Komora, Jilo, yuko shamba la tatu, sauti yangu inafika.

"Mama, mwite Jilo alete mtumbwi. Natoka damu."

"Wasemaje? Vuta kamba kwanza, ndege wala mpunga."

Waache wale. Wametanda upande wangu wote, nasikia midomo yao kwenye masuke, nimesimama juu ya dungu, mkono mmoja umeshika nguzo na mwingine umeshika tumbo, na madungu mengine yote yana watu na watu wote wana masikio, vema, wasikie, nimevuta pumzi ndefu kuliko zote tangu asubuhi.

"Nina mimba, mama. Nina mimba na sitaki kuipoteza hii."