Mwenye Lango

Siku baba yangu alipozikwa, mtu wake alikuwa bado ameketi kando ya moto.

Wanawake waliokuja matangani waliifunika televisheni kwa leso ya mama, ile ya zambarau, maana haifai iwashwe nyumba ikiwa na msiba. Hawakujua kwamba chini yake mashine ya gemu haikuwa imezimwa. Baba aliiacha hivyo Ijumaa mchana aliporudi dukani kwake, duka la vipuri vya pikipiki hapa Voi mjini, na alasiri wakaja kutuambia ameanguka nyuma ya kaunta, mkono kifuani. Kwa siku zote tatu za matanga, taa ndogo ya rangi ya chungwa iliwaka na kufifia nyuma ya leso, kama kitu kinachopumua.

Siku ya nne wageni walipopungua, niliinua pindo nikabonyeza. Akatokea: joho la kijivu, ameketi juu ya jiwe, moto mbele yake, lango kubwa la mawe mgongoni kwake. Juu ya kichwa palikuwa na jina ambalo baba alimpa. BWANAHERI. Jina lake mwenyewe.

Ndani ya lango lile aliishi jitu. Gemu ilimpa jina refu la Kiingereza ambalo hakuna aliyeliweza nyumbani. Baba alimwita Mwenye Lango. Alikuwa na kimo cha tangi la maji la stesheni, pembe zilizovunjika ncha, na kila upande wa kichwa ilining'inia ngozi pana kama ungo. Baba alianza kupigana naye mwezi wa kumi na moja. Kila Ijumaa baada ya swala na chakula alikaa chini, akakunja kanzu mapajani, akaingia langoni. Kila Ijumaa alikufa.

"Leo amenibahatisha tu," alisema kila mara, na mama akapita na sinia lake.

"Mtu mzima na ndevu zako, unapigwa na katuni!"

"Si katuni, Salme. Huyu ndiye bosi."

"Bosi wako ni mimi. Njoo unywe chai."

Gemu ile ilihifadhi safari mahali pamoja tu. Ukiuawa, unaamka tena pale motoni. Ukimshinda Mwenye Lango, unapita, lango linajifunga nyuma yako, na moto ule huuoni tena. "Firdaus mwanangu, hapa ukipita hurudi," baba aliniambia, kwa furaha, kama mtu aliyekata tikiti. Basi mimi nilijua hesabu yangu. Madhali jitu lile liko hai, mtu wa baba yuko pale. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, sina kazi wala chuo, na kila siku baada ya kuosha vyombo niliinua leso nikamtazama anavyoota moto. Sikumgusa. Wakati mwingine nilimsalimia.

Mama alikuwa edani. Miezi minne na siku kumi za mjane: hatoki nje ila kwa dharura, havai rangi, hatii wanja wala udi. Alikuwa akihama kutoka chumba hadi chumba na nguo zake nyeupe bila kukamilisha jambo lolote. Wiki ya sita alinikuta. Nilingoja kukemewa. Badala yake aliketi kwenye mkeka, akajisogeza karibu na kioo.

"Huyo ndiye baba yako?"

"Ni mtu wake."

Alimtazama kwa muda. "Mbona amekonda hivyo?"

Kisha akanyoosha mkono apewe kontrola. "Nifundishe. Lakini muziki uzime. Sitaki muziki eda yangu haijaisha."

Nikaondoa sauti yote. Tukawa tunapigana kimyakimya, alasiri baada ya alasiri, vidole vyake vikinuka kitunguu saumu. Mwanzoni hakufika hata katikati ya uwanja. Mwenye Lango alimponda, na shujaa akaamka tena pale motoni, na mama akasema "samahani" kila mara, akimwambia yeye, si mimi.

Siku moja Ajwang' aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Ni jirani yetu tangu marehemu mumewe akifanya kazi reli, na ndiye shoga wa pekee wa mama. Alisimama mlangoni na mfuko wa sukuma wiki, macho kwenye kioo.

"Yawa! Salme, si mlisema mwanamke wa eda haingiliwi na wanaume? Na hili jibaba lote limefika mpaka sebuleni?"

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi, na kilimtoka kwa nguvu hata akajiziba mdomo kwa ushungi, akatutazama kama aliyevunja chombo cha watu. Halafu kikageuka. Ajwang' aliweka mboga chini, akamshika mabega, akakaa naye hivyo mpaka kilio kikaisha.

"Sasa muue," akasema, akiinuka. "Kwetu hatuachi mgeni wa aina hii alale."

Wiki hiyohiyo mama aliniambia nisimamishe picha. Akaweka kidole kwenye zile ngozi za kichwani.

"Haya ni masikio."

Mama alizaliwa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, ambako babu alikuwa na duka. Miaka ya ukame tembo walikuja hadi kwenye tangi la maji nyuma ya nyumba, na watoto walifundishwa kuwasoma kabla hawajafundishwa alfabeti. "Akiyatandaza, anakutisha tu. Simama. Akiyabana shingoni, huyo sasa anakuja."

Nikaiachilia picha, na ikawa vilevile alivyosema. Mara tatu jitu lilitandaza ngozi, likapiga mguu chini, halikuja. Ya nne likazibana. Shujaa kila akiruka, mstari wake wa pumzi ulipungua, ule wa kijani, na baba alikuwa akiruka kila mguu ulipopiga chini.

"Alikuwa anakimbia vitisho vyote," mama akasema. "Kweli inapokuja, pumzi imeshamwishia."

Alipokwisha kusema alisikia alichosema. Akaniwekea kontrola mapajani, akaenda jikoni.

Tangu hapo alianza kusimama. Kumwona kulinitisha: mjane wa miaka arobaini na nane, amekunja miguu mkekani, jitu likinguruma bila sauti juu ya kichwa cha mumewe, naye hatikisiki mpaka masikio yabanwe; hapo ndipo alikwepa na kuchoma. Damu ya Mwenye Lango ikafika nusu. Ikafika robo. Mwisho wa mwezi wa tatu wa eda, ikabaki kipande cha ukucha. Jitu likatandaza masikio. Mama akasimama. Nikaona anaiweza, leo hii, dakika hii.

Waya wa televisheni, wenye swichi, ulipita nyuma ya kabati, karibu na mguu wangu. Nilibonyeza swichi kwa kidole gumba cha mguu.

Kioo kikawa cheusi.

"Stima imepotea," nikasema.

Mama hakugeuka. Nyumba ilikuwa kimya sana, na katika kimya kile tulisikia sote wawili feni ya chumbani ikizunguka: tak, tak, tak.

"Basi," akasema baadaye. "Itarudi."

Akaenda kutawadha. Miaka mitatu imepita, na bado mguu ule hunitia aibu.

Hakuiomba tena kontrola. Wiki zikapita, mvua za masika zikaja na kwenda, leso ikabaki juu ya televisheni. Nilikuwa nimepata nilichotaka, lakini sikuweza hata kuinua pindo. Mchana wa siku ya mwisho ya eda mama alinikuta nikipepeta mchele.

"Njoo uwashe. Na leo stima isipotee."

Nikauweka ungo chini. "Ulijua?"

"Stima gani hiyo, izime televisheni iiache feni?"

"Mama, ukimuua, baba hatakuwa pale tena."

Alinitazama bila hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Kaburi la baba yako sijaliona bado, Firdaus. Wewe umelisikia kwa waliokwenda, mimi vilevile. Kesho ndiyo nalizuru. Sitaki nifike pale nimwambie nimekuacha mlangoni."

Nikawasha.

Pambano lilikwenda polepole. Alikuwa amesahau kidogo, akapigwa mara mbili, akanywa dawa ya mwisho. Nilikalia miguu yangu mwenyewe. Masikio yakatandazwa, akasimama. Yakatandazwa, akasimama. Mara ya tatu vilevile, na pumzi ya shujaa ilikuwa imejaa, kijani kitupu kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo sikupata kuliona baba akicheza. Kisha masikio yakabanwa shingoni.

Mama akasogea upande mmoja. Hatua moja tu.

Mwenye Lango alipita, akachomwa ubavuni, akapiga magoti, akalala. Hakuna aliyeshangilia. Mama alisema "samahani", safari hii sijui kwa nani.

Lango likafunguka. Nilidhani nyuma yake kutakuwa na dhahabu, au jitu jingine. Palikuwa na mbuga ya majani mafupi, mawingu ya chini, na mvua nyembamba. Shujaa alipita, mawe yakajifunga nyuma yake, akasimama kwenye mvua, joho limelowa, akingoja amri.

Mama alinipa kontrola.

"Mtembeze."

"Wapi?"

"Popote. Amekaa sana."

Nikasukuma kidole mbele. Mama alichukua rimoti iliyokuwa chini ya leso, akaongeza sauti, ya kwanza tangu msiba. Hapakuwa na muziki. Tulisikia mvua, na ndani ya mvua, nyayo zake.