Namba Juu ya Paa la Floribert

Mimi sipendi mtu anayefunika kazi yake kwa turubai. Kazi halali ya nini kuifunika? Ndiyo maana Ingénieur Floribert alipohamia ng'ambo ya korongo letu hapa Kasha, nilimwekea jicho tangu siku ya kwanza.

Alikuja na televisheni mbovu zaidi ya kumi. Alizipasua, akatoa vitaa na nyaya, akaviunga upya chini ya turubai la bluu. Ukipita kumsalimia, anasimama mbele ya meza na kukukinga usione. Baada ya wiki tatu akapandisha juu ya paa ubao mkubwa kama mlango, unaoandika namba kwa taa nyekundu. Uliandika zero. Siku nzima zero, na uso wa ubao umeelekea nyumba yetu.

Kisha akaja kwetu, kofia mkononi. Mume wangu Murhula alikuwa nje anatengeneza kiti.

"Papa Murhula, niko naomba ruhusa. Nipande tufimbo tatu mu kilima, nyuma ya nyumba yenu."

"Tufimbo twa nini?"

"Capteurs, tuvyuma twa kupima. Zinapelekea ule ubao habari. Ni essai tu, ya kujaribu, haina mubaya."

"Habari gani?" nikadakia mimi.

Akatazama viatu vyake. "Essai ikiisha, nitawaelezea."

Nani anaomba ardhi ya mtu bila kusema ya nini? Nilitaka kumtimua, lakini Murhula alinikanyaga mguu, akamwambia sawa. Floribert akapanda vyuma vyake vyenye waya, akashukuru, akaenda. Murhula akanivuta ndani na kufunga mlango.

Murhula alichimba dhahabu Luhwindja miaka minane. Huko aliwaona wageni wakipita mashambani na mashine yenye kioo kidogo. Penye mawe matupu kioo kinaonyesha zero. Wakikaribia dhahabu, namba inapanda. Kesho yake shamba linanunuliwa kwa bei ya kuku, na mwenyewe hajui kilichokuwa chini ya maharage yake. Shamba la baba yake liliondoka hivyo.

"Apolline," akaninong'oneza, "ule mutu iko natafuta zahabu chini ya nyumba yetu."

Niliamini papo hapo. Nyumba ile tuliijenga kwa miaka kumi na moja, mchanga wote niliupandisha kwa mgongo wangu. Hakuna mtu angenitoa humo. Na nikisema kweli, haikuwa hofu peke yake. Tamaa nayo ilikuwamo.

Jumamosi Floribert alisafiri kwenda Katana. Murhula alitoa sululu yake ya zamani, akaanza kuchimba shimo nyuma ya nyumba, katikati ya vile vyuma. Jirani akiuliza, tunasema ni choo kipya. Kabla ya mchana namba ikawa mbili. Jioni ikawa tano. Tulitazamana kama watoto walioiba sukari.

Jumapili tulikwenda misa, hatukuchimba. Namba haikusogea hata kidogo. Jumatatu Murhula akarudi shimoni, na namba ikarudi kupanda. Ungetaka ushahidi gani zaidi?

Tukawa na utaratibu wetu. Akiwa shimoni haoni ubao, basi mimi nilikaa pembeni ya nyumba na maharage yangu, nikimpigia kelele kila namba ikibadilika. Ikigoma, anahama upande. Ikipanda, anaongeza nguvu hapo hapo. Namba zenyewe tunahesabu kwa Kifaransa, kama kila mtu hapa mjini.

Alhamisi tuliamka baada ya mvua kubwa, na ubao ukasoma quinze, kumi na tano, kabla Murhula hajagusa sululu. Hapo nilipaswa kushtuka. Lakini Murhula alicheka, akasema maji yameiosha dhahabu, sasa iko karibu. Aliingia shimoni akiimba.

"Dix-neuf!" nikaita, kumi na tisa, kisha ishirini na sita. "Vingt-six! Papa, hapo hapo, usisimame!"

Saa nne hivi nikamwona Floribert kwenye kidaraja cha korongo, anakimbia, begi la safari bado begani, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope. Nikajua mwenye mashine amekuja kutafuta mali yake. Nilichukua jembe, nikasimama kwenye kichochoro kati ya ukuta na uzio, mahali pekee pa kupita.

"Maman Apolline! Umuambie atoke mule mu shimo!"

"Sasa imekuuma, eh? Ulifikiri tuko bajinga?"

"Kilima iko nashuka! Ile chiffre, ile namba, ni millimètre! Ni udongo iko natembea, maman!"

"Hadithi yako hiyo. Mbona haukusema siku ulikuja kuomba?"

Alijaribu kupita. Nilimsukuma kifuani kwa mpini wa jembe, akaanguka, akainuka, nikamsukuma tena. Nyuma yake, juu ya paa, namba zilikuwa zinakimbia.

"Trente-huit!" nikapaza sauti kwa furaha, thelathini na nane. "Murhula, chimba! Mwenyewe amefika!"

Ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu.

Kilima kiliposhuka, haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama gunia la maharage linalomwagwa sakafuni. Ukuta wa jikoni ukalala taratibu, na wimbo wa Murhula haukusikika tena. Floribert alinipita mbio, akachimba kwa mikono mitupu, kisha majirani nao wakaja. Tulimpata alasiri, sululu bado mkononi.

Baada ya matanga Floribert alikuja kukaa nami, vidole vyake vimefungwa bendeji. Nilimuuliza swali moja tu: kwa nini alificha. Akaniambia kwamba zamani alitengeneza ubao wa kuita wagonjwa kwa zamu katika dispensari moja ya huko Katana. Mgeni mmoja aliusifu sana, yeye akamfungulia kila kitu, akamweleza kila waya. Mwaka uliofuata mgeni yule alikuwa anauza ubao ule ule kwa jina lake.

"Toka siku ile minaogopa kila mutu," akasema. Kisha akaninyanyulia macho. "Na ninyi, maman, kwa nini hamukuniuliza mara ya pili?"

Siku nyingine namchukia, siku nyingine najichukia mimi.

Sasa ninakaa kwa dada yangu Lucie, mtaa huu huu. Floribert amehamishia vyuma vyake kilimani, juu ya nyumba zilizobaki, na chini ya ubao ameandika kwa rangi nyeupe: MILIMITA KILIMA KIMESHUKA. IKIFIKA KUMI, TOKENI. Wazee wengi hawaoni mbali, na wengine hawajui kusoma. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijaenda sokoni, ninasimama barabarani na kuwasomea.

Jana ilikuwa trois, tatu tu. Niliita mpaka watu wakatoka milangoni na kuniambia, maman, tumesikia, inatosha. Mimi nikaendelea kuita.