Barua za Jumamosi

Mwaka 1974 Awiti alikuwa karani wa taipu katika redio ya umma ya muziki, ile iliyoitwa Idhaa ya Jiji. Kila Alhamisi asubuhi alipiga taipu ratiba ya wiki nzima. Jumatatu ilikuwa taarabu, Jumanne ngoma za mikoani, Jumatano na Alhamisi rumba, Ijumaa bendi za hapa Nairobi, Jumapili kwaya. Jumamosi saa nane mchana kilikuja kipindi cha Salamu na Santuri, na hapo nusu ya Kibera ilinyamaza ili isikilize. Awiti alikaa Laini Saba, hukohuko Kibera, na aliwajua majirani waliokuwa wakianika betri za redio juani tangu Ijumaa ili Jumamosi zipate nguvu kidogo. Walimwita Awiti wa Redio. Alilipenda jina hilo.

Kipindi cha salamu kilitayarishwa na Kavoi, mtu mnene mcheshi aliyekuwa na ofisi mwisho wa korido. Barua za wasikilizaji zilipelekwa kwake zikiwa ndani ya gunia. Awiti hakuzigusa kamwe. Kazi yake ilikuwa kungoja Kavoi aandike orodha ya salamu kwa mkono, kuipiga taipu, kisha kuiweka kwenye faili la mtangazaji. Karatasi za Kavoi zilifika zimelowa mafuta, kwa sababu aliandika huku anakula matumbo ya kukaanga. Awiti alizishika kwa ncha za vidole.

Alhamisi moja ya mwezi wa pili choo cha wanawake kiliziba, wakaambiwa watumie cha wanaume hadi fundi apatikane. Awiti aliingia, akafunga mlango, akainua macho. Ukutani palikuwa na msumari mrefu, na kwenye msumari huo zilichomekwa karatasi zilizochanwa nusu nusu. Ya juu kabisa ilikuwa na mwandiko wa penseli ya zambarau, herufi kubwa zilizonyooka, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

"Mpendwa mtangazaji," ilisema, "mimi ni Wagaki wa Kawangware, karibu na njia ya Riruta. Hii ni barua yangu ya tisa. Mume wangu Nderitu alianguka akiezeka paa, sasa hasemi, lakini redio anaisikia. Jumamosi huwa namgeuza uso aelekee redio. Naomba mumpigie wimbo wowote wa gitaa la pole. Mwambieni ajitahidi kuinua mkono wa kulia, mimi nimeketi hapa nauangalia..."

Nusu ya pili ilikuwa nyuma yake, kwenye msumari uleule.

Awiti alitazama chini. Kwenye ndoo ya pembeni zilijaa karatasi zilizokwisha tumika, na juu ya moja, katikati ya uchafu, alisoma neno "salamu". Alifungua mlango akatoka nje bila kufanya lililompeleka, akasimama kwenye bomba la uani akinawa mikono, ingawa hakuwa ameshika chochote bado. Halafu akarudi. Alizitoa karatasi zote msumarini, akazikunja ndani ya leso, akaenda moja kwa moja kwa Kavoi.

"Bwana Kavoi, barua za watu ziko chooni."

Kavoi alikuwa anatafuna. "Ulitaka ziwe wapi?"

"Hata hazijasomwa."

"Nani ana wakati wa kusoma gunia zima? Wote wanasema kitu kimoja. Nisalimie mjomba, nisalimie shangazi." Akajipangusa mdomo kwa kiganja. "Majina natunga mwenyewe. Yako safi, mtangazaji hajikwai. Na nyimbo nazijua zinazofaa."

Nyimbo hizo Awiti alizijua pia. Zilikuwa za wenye maduka ya santuri waliokuwa wakimpeleka Kavoi kula nyama choma. Miaka miwili alikuwa amepiga taipu salamu za watu wasiokuwepo, na majirani wa Laini Saba wakamuuliza kila wiki kwa nini barua zao hazifiki, naye akawajibu kwa kujigamba kwamba zamu yao itakuja.

"Rudi kazini, bibie," Kavoi alisema. "Karatasi ni karatasi."

Awiti alirudi kwenye meza yake. Ile leso akaifungia kwenye droo.

Kesho yake Kavoi alimletea orodha yake ya mafuta kama kawaida. Awiti aliitupa kwenye pipa. Akafungua leso, akaunganisha nusu za barua juu ya meza, akapiga taipu salamu ishirini na moja za watu halisi: wa Makina, wa Laini Saba, wa Riruta. Ya Wagaki aliiweka mwanzo. Kwenye maktaba ya santuri akachagua wimbo wa gitaa usio na maneno mengi, akaandika namba yake pembeni, akaweka karatasi kwenye faili la mtangazaji.

Mtangazaji alikuwa Wekulo, kijana mwenye sauti nzuri aliyesoma chochote alichowekewa mbele. Jumamosi saa nane taa nyekundu ikawaka, Wekulo akaanza kwa furaha yake ya kila siku. Alipofika kwenye mkono wa kulia, furaha ikamtoka. Akasoma polepole, kama anayemsomea mgonjwa mwenyewe. "Nderitu wa Kawangware, mkeo Wagaki anasema ujitahidi kuinua mkono wa kulia. Ameketi hapo anauangalia." Gitaa likaanza. Kavoi alikuja mbio hadi kwenye kioo cha studio akipiga kwa kiganja, lakini taa nyekundu ilikuwa inawaka na hakuthubutu kuingia. Salamu zote ishirini na moja zikaenda hewani.

Awiti alijua kazi imekwisha. Hata hivyo Jumapili aliamka na furaha moyoni. Akavaa gauni lake la kanisani, akazitia barua za Wagaki ndani ya mkoba, maana alizikuta nne, akaenda kwa miguu hadi Kawangware. Alitaka kuona uso wa yule mama. Alitaka pia, na baadaye alijichukia kwa hilo, kushukuriwa.

Hakupata shida kuulizia nyumba. Uani aliona godoro limesimamishwa juani na kitanda cha mbao kimefunguliwa vipande vipande. Mwanamke wa makamo alikuwa anakisugua kwa maji ya moto na sabuni.

"Mama Wagaki? Mimi naitwa Awiti. Natoka redioni."

Wagaki aliacha kusugua. "Ni ninyi mliosema yale maneno jana?"

"Niliyaandika mimi, mama. Mtangazaji akayasoma."

"Nderitu tumemzika wiki mbili zilizopita."

Awiti aliukumbatia mkoba wake kifuani.

"Jana walikuja watu wa kanisa kuniombea," Wagaki aliendelea. "Nyumba imejaa. Mumbi binti yangu amefungua redio kidogo, kwa mazoea tu. Tukasikia mwanamume anamwambia Nderitu ainue mkono. Dada yake Nderitu akapiga kelele, akaanguka. Mzee mmoja akaniuliza, Wagaki, huu ni mchezo gani?" Alikuwa anaongea bila kupandisha sauti. "Ile barua niliandika kabla ya Krismasi. Alikuwa hai. Ilikuwa wapi siku zote hizo?"

Awiti angeweza kusema posta. Uongo ulikuwa tayari ulimini, na ungemsaidia kila mtu. Lakini harufu ya kile choo ilikuwa bado puani mwake.

"Ilikuwa chooni, mama. Mwenye kipindi hasomi barua. Zinachanwa, zinawekwa kwenye msumari, watu wanajipangusia."

Wagaki akapeleka mkono mdomoni. "Stempu nilikuwa nalamba kwa ulimi," alisema. "Kila barua." Akageuka pembeni akatema mate, akatema tena.

"Zako nne niliziokoa. Ninazo hapa."

"Leta."

Wagaki alizipokea bila kuzikunjua. Hakumkaribisha kiti. Hakumpa chai. "Huyo mtu anaingia kazini saa ngapi kesho?"

"Saa tatu."

"Haya. Nenda."

Jumatatu saa tatu na nusu Wagaki alisimama mlangoni mwa Kavoi akiwa na kitambaa cheusi kichwani na viatu vyenye vumbi. Askari wa getini alimfuata nyuma akimsihi atoke. Awiti aliinuka kwenye taipu yake, Wekulo akatoka studio, makarani wengine wakasogea. Kavoi alikuwa na sahani mbele yake.

Wagaki aliweka nusu nane za karatasi pembeni mwa sahani ile, akazipanga mbili mbili.

"Soma."

"Mama, hapa ni ofisini. Nani amekuruhusu?"

"Nilikuandikia usome. Soma."

Kavoi alizitazama zile karatasi, kila moja na tundu la msumari katikati, na kila aliyekuwepo aliona anavirudisha vidole nyuma. Alijua zimetoka wapi.

"Unaogopa kuzishika?" Wagaki aliuliza. "Ni karatasi tu."

Wekulo alijongea. "Wacha nikusomee mimi, mama."

"Wewe ulishasoma. Namtaka yeye."

Kavoi aliwaangalia watu mlangoni akitafuta wa kucheka naye, akamkosa. Akainua nusu ya kwanza kwa kucha mbili na kusoma. Alisoma vibaya, akiruka maneno, na kila aliporuka Wagaki alimrudisha, maana alizijua zote kwa moyo. Ilipofika ya nne Kavoi alikuwa anatoka jasho, na mafuta ya sahani yalikuwa yameganda meupe. Alipomaliza aliinuka akapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, akaenda uani. Wote walisikia bomba linafunguliwa, na maji yanamwagika, na kuendelea kumwagika.

"Ananawa," Wagaki alisema.

Akakusanya barua zake, akazifunga kwenye ncha ya kitambaa, akatoka. Awiti alimfuata hadi getini.

"Mama, nisamehe kwa Jumamosi."

"Ulitaka kufanya vizuri, najua," Wagaki alisema. "Lakini usije kwangu tena. Nikikuona naisikia ile sauti."

Jumatano Awiti alipewa barua ya kufutwa kazi. Kosa lililoandikwa lilikuwa kuchukua karatasi za ofisi bila ruhusa. Kavoi aliondolewa kwenye kipindi cha salamu, akapewa kwaya za Jumapili. Majirani wa Laini Saba walipomuuliza Awiti kulikoni, aliwaambia kila kitu, mlango kwa mlango, hata wale waliomwomba asimalizie. Baadhi walicheka. Mzee mmoja, Omolo, aliyekuwa ameandika barua kumi na tano, alimwambia angefanya vizuri zaidi kunyamaza.

Mwezi wa nne alipata kazi ya taipu kwa mwenye duka wa Makina, kuandika bei za mchele na vitambaa. Mwenye duka alikuwa na redio kubwa juu ya kabati. Siku ya kwanza tu Awiti alimwomba aizime, na alipoulizwa sababu alisema inamtia kichefuchefu.